Mgonjwa wa nimonia akirudi nyumbani, uuguzi ndio kwanza unaanza

Siku mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitali, nyumba hujaa bashasha. Majirani huja kwa makundi, chai hutiwa birika baada ya birika, na wanaosema "Alhamdulillah, kapona" huwa wengi kuliko wanaouliza daktari kasema nini. Bashasha hiyo ina haki yake. Lakini kwa mgonjwa wa nimonia, maradhi ambayo wengi wetu tumezoea kuyaita kichomi au homa ya mapafu, kuruhusiwa maana yake ni kwamba hatari ya siku zile za mwanzo imepungua, kiasi cha mgonjwa kuweza kumalizia tiba chini ya paa lake mwenyewe. Mapafu bado ni majeruhi. Na wauguzi wake, kuanzia saa ile, ni watu wa nyumba ile.

Tumeona jambo hili lina mahali pake katika ukurasa wa familia kwa sababu mzigo wa uuguzi wa nyumbani aghalabu humwangukia mtu mmoja, mara nyingi mwanamke, ambaye hakuna aliyemkalisha kitako akamweleza la kufanya. Hupewa mfuko wa dawa na tarehe ya kurudi. Mengine hujifunza usiku, peke yake, huku akisikiliza kikohozi.

Tuanze na maradhi yenyewe. Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo mno vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, na ni humo ndimo damu inamochukua oksijeni. Nimonia huvijaza vifuko hivyo usaha na majimaji. Vimelea vinavyoileta ni vya aina nyingi, bakteria kwa virusi, na ndiyo maana dawa ya mgonjwa mmoja si lazima iwe dawa ya mwingine. Pale ambapo chanzo ni bakteria, dawa za antibiotiki huwaua kwa muda wa siku chache, na homa hushuka. Lakini kuua bakteria ni jambo moja, na kusafisha uchafu waliouacha ni jambo jingine. Waliowahi kuingiliwa na maji ya mto Msimbazi wanaijua hali hii: maji hutoka ndani ya siku mbili, tope hukaa mwezi mzima.

Tope hilo lina kalenda yake. Miongozo ya matabibu wa Uingereza, ambayo tunaiona ina faida kwa kuwa inataja muda waziwazi, huwaeleza wagonjwa watu wazima kwamba baada ya wiki 1 homa inatarajiwa iwe imekwisha. Baada ya wiki 4 maumivu ya kifua na makohozi yawe yamepungua sana. Baada ya wiki 6 kikohozi na kuhema navyo viwe vimepungua sana. Baada ya miezi 3 dalili nyingi ziwe zimeondoka, ingawa uchovu unaweza kubaki. Na ifikapo miezi 6 watu wengi huwa wamerudi katika hali yao. Miezi, si siku. Mwenye kuijua kalenda hii hatamwita mumewe mvivu kwa kuwa wiki ya tatu bado anapumzika baada ya kupanda ngazi, wala hatadhani dawa zimeshindwa kwa sababu kikohozi kingalipo.

Ila kalenda ina masharti yake, nayo ni kwamba mwendo uwe wa mbele. Mgonjwa wa leo awe afadhali kidogo kuliko wa juzi. Akirudi nyuma, kalenda inafungwa na safari ya hospitali inaanza upya.

Usiku wa kuhesabu pumzi

Tumeruhusiwa kusimulia kisa cha familia moja ya Tanga, kwa sharti la kutotaja jina la mtu. Bibi wa miaka 71 alilazwa siku 6 kwa nimonia, akarudi nyumbani na vidonge vya kumalizia. Siku tatu za mwanzo alikuwa vizuri, anakunywa uji, anazungumza na wajukuu, anataka nywele zake zisukwe. Siku ya nne alikataa chakula. Homa hakuwa nayo, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeshtuka. Usiku wake alianza kumwita mumewe, aliyekwisha kufariki miaka mingi, akimtaka amfungulie mlango.

Hapo nyumba ikagawanyika. Dada wa mgonjwa alisema hayo ni mambo ya kisomo, na asubuhi aitwe maalimu. Mwanawe alisema wangoje kupambazuke, kwani bajaji ya usiku ni ghali na hospitalini wametoka juzi tu, wataambiwa nini? Mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akimwuguza mama mkwe tangu siku ya kwanza, hakujibizana na yeyote. Aliweka kiganja juu ya kifua cha mgonjwa, akatazama saa ya simu, akahesabu. Pumzi 34 kwa dakika moja. Akahesabu tena, akapata 33.

"Mama amelala lakini anahema kama mtu anayekimbia," alimwambia mumewe. "Kisomo atasomewa njiani."

Waliondoka saa nane ya usiku. Hospitalini ilionekana kwamba maji yalikuwa yamejikusanya kati ya pafu na ukuta wa kifua, jambo ambalo hutokea kwa baadhi ya wagonjwa wa nimonia hata waliotibiwa vyema. Maji yalitolewa, dawa zikabadilishwa, na bibi akakaa wodini siku nyingine 11. Leo yu hai, na tulipomzuru alikuwa akimfokea mjukuu aliyeacha mlango wa kuku wazi.

Tulimwuliza mkamwana huyo alijuaje kuhesabu. Alijibu kwamba alifundishwa na muuguzi wa kliniki mwaka alioumwa mwanawe wa kwanza, na tangu hapo hajasahau. Ni elimu ya dakika moja, na tungependa kila msomaji wetu awe nayo.

Mgonjwa awe ametulia. Mtoto asiwe analia wala ananyonya. Funua nguo, tazama kifua au tumbo, na kila linapopanda na kushuka hesabu moja. Hesabu dakika nzima kwa saa, usihesabu nusu dakika ukazidisha, kwani pumzi za mtoto hazina mwendo mmoja. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka kupita kiasi. Wa miezi 2 hadi 11, mpaka wake ni 50. Wa mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40. Kwa mtu mzima aliyetulia, pumzi 30 kwa dakika ni dalili ya hatari isiyongoja asubuhi.

Na wazee wana mlango wao wa pembeni. Mwili wa mzee huenda usiwe na nguvu ya kupandisha homa, kwa hiyo nimonia yake hujitokeza kwa njia nyingine: anachanganyikiwa, anaweweseka, anakataa chakula, anaanguka. Familia husema "ni uzee" au husema jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Hatuna ugomvi na kisomo, wala mwenye imani hawezi kuwa nao, na dua kwa mgonjwa ni katika mambo tuliyofundishwa. Dini hiyo hiyo imetufundisha kujitibu. Kinachoua ni kule kungoja, na lililotupendeza katika kauli ya mkamwana yule ni kwamba hakumnyima shangazi wa mumewe haki yake. Aliihamishia ndani ya bajaji.

Kwa watoto, zipo dalili nyingine za kuondoka nazo mara moja: sehemu ya chini ya kifua kubonyea ndani kila avutapo pumzi, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila anachopewa, degedege, kulegea hata asizinduke vyema, na ulimi au ufizi kugeuka rangi ya kijivu au samawati. Kwa ngozi nyeusi usitazame mashavu; tazama ndani ya mdomo na kwenye kucha. Mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 740,000 wa chini ya miaka 5 duniani, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, na walio wengi kati yao ni wa nchi za kusini mwa Jangwa la Sahara na kusini mwa Asia. Wengi wangeokolewa kwa dawa isiyo ghali, lau ingewafikia mapema.

Dawa, na kikohozi kisichostahili kunyamazishwa

Juu ya dawa hatutasema mengi, kwa kuwa la kusema ni moja. Dozi aliyoandikiwa mgonjwa imalizwe kama ilivyoandikwa, hata kama siku ya tatu anacheza mpira. Vidonge vinavyobakizwa "kwa ajili ya mdogo wake" humdhulumu mgonjwa wa sasa, na mdogo naye hupata dozi isiyo yake. Dawa ya kila saa 8 si dawa ya kutwa mara tatu baada ya chakula. Ni ya kila saa 8, na simu zina kengele. Na ikiwa zimepita siku 2 hadi 3 tangu dawa zianze na homa haijashuka wala mgonjwa hajapata nafuu, arejeshwe akaangaliwe, asiongezewe dawa nyingine ya dukani.

Kikohozi ni habari ndefu kidogo. Wengi wetu hukiona kuwa ndicho maradhi, tukanunua dawa ya kukikata. Kwa mgonjwa wa nimonia kikohozi ni ufagio. Ndicho kinachoyatoa makohozi kifuani, na ukikinyamazisha kwa dawa ya maji unayafungia ndani. La kumsaidia mgonjwa ni kumkalisha wima, na mito nyuma ya mgongo, kwani mtu aliyelala chali mchana kutwa hapumui hadi chini ya mapafu. Kila saa akiwa macho avute pumzi ndefu tatu nne, polepole, kisha akohoe huku amekumbatia mto kifuani ili maumivu yapungue. Maji ya kunywa mengi, kama daktari hakumzuia kwa sababu ya moyo au figo. Maji ya vuguvugu yenye asali na ndimu hutuliza koo, na chai ya tangawizi hivyo hivyo. Asali asipewe kamwe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata kwa kuonjeshwa kwa kidole, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvishinda na sumu yake hupoozesha mwili.

Na hapa tuseme wazi juu ya kukata kimeo. Bado wapo wanaowapeleka watoto wenye kikohozi kwa mkataji, ambaye kwa wembe au mkasi huondoa kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kimeo hakileti nimonia na kukikata hakuiponyi. Kinacholetwa na wembe ule ni damu kumwagika, na maambukizi mapya juu ya mtoto ambaye tayari anahemea juu juu. Mafuta ya kudondoshea puani nayo yaachwe. Yakiteremka mapafuni huleta nimonia ya aina yake.

Moshi, hata ule unaonukia

Tunajua tunagusa jambo la heshima. Nyumba nyingi za pwani hufukizwa ubani jioni, na chumba cha mgonjwa ndicho hufukizwa zaidi, ili kiwe safi na wageni wakute harufu njema. Udi nao hutolewa kabatini. Lakini mapafu yaliyojeruhiwa hayabagui. Moshi wa ubani, wa mkaa, wa sigara na wa dawa ya mbu ya kuchoma yote kwayo ni moshi. Chetezo kikae barazani kwa wiki hizi. Kama ni harufu inayotafutwa, vikuba vya asumini chini ya mto havina moshi. Dawa ya mbu ibadilishwe kwa chandarua.

Jiko ni kubwa kuliko chetezo. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa ndani ya nyumba karibu unaongeza maradufu uwezekano wa mtoto kupata nimonia. Si kila familia ina uwezo wa mtungi wa gesi, na hatutaki kumwambia mtu auze kuku wake. Lakini jiko la mkaa linaweza kuwashiwa nje, mtoto anaweza kutobebwa mgongoni wakati wa kupika, na dirisha linaweza kufunguliwa mchana, hata wakijibu wazee kwamba upepo utamrudishia mgonjwa kichomi. Upepo hauleti nimonia. Jiko la mkaa kuingizwa chumbani usiku kwa ajili ya joto, kama wafanyavyo baadhi ya ndugu zetu wa nyanda za baridi, huweza kuwaua wote waliolala humo kwa hewa isiyo na harufu.

Ibada ya anayepona

Katika familia ile ya Tanga, ubishi wa kila siku ulikuwa juu ya alfajiri. Bibi alitaka kutawadha kwa maji ya mtungi na kuswali kwa kusimama, kama alivyofanya tangu utotoni, na kila rakaa ikamwacha akihema. Mkamwana akawa anachemsha maji kabla ya adhana, na mwanawe akamwomba imamu wa mtaa aje azungumze naye. Imamu alimkumbusha analolijua: asiyeweza kusimama huswali kwa kukaa, asiyeweza kukaa huswali kwa kulalia ubavu, rukuu na sijida huwa kwa ishara, na ambaye maji yanamdhuru ana tayamamu. Alilikubali kwa imamu ambalo hakulikubali kwa mwanawe. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wazee wengi wanaoona ruhusa ni udhaifu, na huenda neno la imamu likamfaa mgonjwa zaidi ya ukali wa watoto.

Saumu nayo ni hivyo hivyo. Ruhusa ya mgonjwa kula na kuzilipa siku zake baadaye imo ndani ya Qur'ani, katika sura ya Al-Baqara. Mgonjwa anayehitaji maji kutwa na dawa kila saa 8 asizisogeze nyakati za dawa kwa rai yake mwenyewe ili apate kufunga. Na wanaodaiwa siku za Ramadhani iliyopita wasizilipe wakati kifua bado kinauma.

Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, na haki hiyo haipimwi kwa saa. Dakika kumi zinatosha. Mwenye mafua abaki nyumbani atume salamu, na watoto wa madrasa wanaokohoa wasipandishwe kitandani kwa bibi. Ni vyema mtu mmoja wa nyumba, asiye muuguzi, apewe kazi ya kupokea wageni na kuwaaga. Muuguzi ana usiku mbele yake. Familia zenye wanaume watatu na mwanamke mmoja anayekesha, tunaomba zitazamane. Kumpa mzee dawa ya saa nane usiku hakuhitaji kuwa mwanamke.

Chakula kije kidogo kidogo na mara nyingi, kwa kuwa tumbo lililojaa hubana pumzi: uji wa maziwa, supu ya samaki au ya kuku, mayai, maharage yaliyopondwa, papai. Anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Mtoto aliyekwisha kuanza kula aongezwe mlo mmoja kila siku kwa wiki 2 baada ya kupona, ili arudishe alichopoteza.

Kuhusu kurudi kazini, dereva wa bodaboda na mbeba mizigo hawana likizo ya ugonjwa, na tunalijua hilo. Pamoja na hayo, mtu asiyeweza kutembea hadi msikitini na kurudi bila kusimama kuhema bado hawezi kubeba gunia. Aanze kwa nusu siku pale anapoweza. Anayevuta sigara hatapata wakati mzuri zaidi ya huu wa kuiacha.

Jambo moja linalopitwa kirahisi ni kifua kikuu, ambacho hujificha nyuma ya nimonia. Kikohozi cha kupona hupungua wiki kwa wiki. Kisichopungua, au kinachokuja na jasho la usiku, kukonda au damu katika makohozi, kisihesabiwe katika zile wiki 6. Anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi akapimwe makohozi, hata kama ameshatibiwa nimonia. Kipimo hicho na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya umma. Wenye selimundu na wanaoishi na virusi vya Ukimwi wasingoje hata wiki hizo mbili.

Na katika nyumba ile ile anayouguzwa mgonjwa, huenda yupo mchanga. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya nimonia kwa watoto mwaka 2013, nayo huchomwa mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, bila malipo. Kadi yake ya kliniki iko kabatini; itolewe itazamwe kama mistari hiyo mitatu imejazwa, na kama kuna uliobaki wazi, apelekwe siku ya kliniki inayofuata.